Binamu alivyopata usimamizi wa mfumo bila nenosiri

SWALI: Assalaam alaikum mwalimu. Mimi ni fundi wa simu na kompyuta hapa Langoni, Lamu. Usiku nikishafunga duka huwa najenga mfumo endeshi wangu mdogo. Nilianza na xv6, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, ile ya zamani ya prosesa za x86, nikaongeza watumiaji, manenosiri na ruhusa za faili. Wakati wa Maulidi alinijia binamu yangu anayesoma kompyuta Malindi. Nikampa akaunti ya kawaida isiyo na uwezo wowote, nikampa na msimbo wote ausome. Chai haijapoa, tayari ni msimamizi: anasoma faili la manenosiri, anafuta anachotaka. Nenosiri langu halijui. Nilipombana aseme, alicheka tu akaniambia, "Angalia read yako." Nimeangalia mpaka macho yameniuma. Nakuletea msimbo. Amefanyaje? Nilidhani mfumo mdogo usiojulikana na mtu ndio salama zaidi. Na je, ruta na kisanduku cha kamera kwenye gesti ya mjomba wangu kule Shela, navyo vina udhaifu huo? Naruhusiwa kuvijaribu?

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu fundi. Binamu yako hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Ukiitazama read yako peke yake, ule mwito ambao programu hutumia kuiomba kerneli (kiini cha mfumo) iisomee faili, huwezi kuona kosa, maana kila mstari uliopo unafanya kazi yake sawasawa. Fungua xv6 ya awali, uiweke ubavuni mwa yako. Kwenye sys_read, hoja inayotaja anwani ambako data itawekwa, wenyewe waliisoma kwa argptr. Wewe unaisoma kwa argint, na juu yake umeacha maelezo haya: "argptr inasumbua, nitarudi." Hukurudi, na binamu akapita hapo hapo.

Kwa nini ilikusumbua, hilo nalo linaonekana. Umeongeza eneo la kumbukumbu la pamoja ili programu mbili zipashane data, na eneo hilo umeliweka juu ya ukomo wa programu, ule ambao xv6 inautunza kwenye sz. Argptr kazi yake ni kuhakikisha kwamba anwani iliyotajwa iko chini ya sz. Ikaona anwani ya eneo lako jipya, ikaikataa. Ukachoka nayo, ukaweka argint, ambayo hupokea nambari yoyote iletwayo wala haiulizi kitu. Programu zako zikaanza kwenda, nawe ukaenda kulala.

Tumfuate binamu sasa. Prosesa ya x86 ina ngazi za madaraka: kerneli hufanya kazi ngazi ya 0, programu za watumiaji ngazi ya 3. Katika xv6 ya x86, kumbukumbu ya kerneli imo ndani ya ramani ya kila programu, kuanzia anwani 0x80000000 kwenda juu, yaani kuanzia gigabaiti ya 2. Imo, lakini kurasa zake, yaani vipande vyake vya kumbukumbu, hazina ile alama inayomruhusu mtumiaji kuzigusa. Programu ya ngazi ya 3 ikijaribu kuandika pale, prosesa yenyewe inagoma, kerneli inaitwa na programu inauawa. Kwa njia hiyo binamu angeambulia patupu.

Kwa hiyo aliiomba kerneli imwandikie. Kwa msimbo ulivyo, njia fupi kuliko zote ni hii. Unatengeneza faili dogo lenye baiti nne, zote sifuri. Unalifungua kwa haki zako za kawaida, kwani ni lako. Kisha unaita read: nisomee baiti nne kutoka faili hili, uziweke kwenye anwani hii. Anwani unayotaja si ya programu yako. Ni mahali ndani ya ptable, lile jedwali la kerneli lenye nafasi 64 za michakato (programu zinazoendelea), pale pale ulipoongeza uid, nambari ya mtumiaji, kwenye mchakato wa binamu. Kerneli inaponakili zile baiti iko ngazi ya 0, na katika ngazi hiyo prosesa haina la kupinga. Uid uliyompa ikageuka kuwa 0, na mfumo wako humtambua mwenye 0 kuwa msimamizi. Nenosiri halikuulizwa kwa sababu hakupita mahali linapoulizwa.

Anwani aliijuaje? Ulipojenga mfumo, Makefile ya xv6, lile faili la maelekezo ya kujenga mfumo, ilikutolea pia faili liitwalo kernel.sym, lenye majina ya vitu vilivyomo ndani ya kerneli na anwani ya kila kimoja. Na kerneli yako hukaa mahali pale pale kila mashine inapowashwa. Mwenye msimbo wako ana ramani kamili mkononi. Linux mwaka 2014, katika toleo la 3.14, iliongeza utaratibu wa kuhamisha mahali pa kerneli kila kompyuta inapowaka, makusudi kumnyima mtu ramani hiyo. Wewe usianze na hilo. Linamchelewesha mtu, tundu linabaki.

Wewe ni mtu wa Amu, kwa hiyo chukua mfano wa nyumba zetu za mawe. Mgeni amekaa dakani, hana ruhusa ya kuvuka kiwanda, ule ua wa ndani. Anampa mtumishi bahasha na kumwambia: kaiweke ndani kabisa, kwenye kasha la mwenye nyumba. Mtumishi anaruhusiwa kuingia kila chumba. Asipojiuliza kama aliyemtuma naye anaruhusiwa kufika ndani, bahasha itafika, na kufuli zote za nyumba hazikusaidii kitu. Kerneli yako ni mtumishi huyo. Mtaalamu wa kompyuta Norm Hardy alilieleza tatizo hili mwaka 1988, na mpaka leo, ukifungua taarifa za udhaifu wa mifumo, utalikuta tena na tena chini ya majina mengine.

Dawa: rudisha argptr, kisha uifundishe kuwapo kwa eneo lako jipya. Yaani anwani ikubaliwe ikiwa yote, mwanzo hadi mwisho, imo chini ya sz, au yote imo ndani ya eneo la pamoja ambalo mchakato huo umepewa. Nasema mwanzo hadi mwisho kwa sababu hapa wengi huteleza. Tuseme unaangalia mwisho peke yake: anwani ukijumlisha na urefu, jibu lisizidi sz. Nambari ya biti 32 haivuki 4,294,967,295. Ikivuka inarudi sifuri na kuanza upya. Mtu akikupa anwani 4,294,967,200 na urefu wa baiti 200, jumla yake kwenye mashine inakuwa 104. Mia na nne iko chini ya sz, hivyo unamkubalia, na anwani yenyewe iko juu kabisa katika eneo la kerneli. Angalia mwanzo kwanza. Kisha hakikisha urefu si hasi na hauzidi nafasi iliyobaki kutoka mwanzo hadi ukomo, ukitumia kutoa badala ya kujumlisha. Hapo hakuna nambari ya kuzunguka.

Usiishie kwenye read. Kila mwito unaoandika kwenye anwani ya mtumiaji una hatari hiyo hiyo: fstat, kwa mfano, ambayo huleta habari za faili, na pipe, ambayo huandika nambari mbili za faili kule alikoambiwa. Na mwito wa write ni kinyume chake: huko kerneli inasoma kutoka anwani ya mtumiaji. Ukiacha bila ulinzi, mtu ataiambia imwandikie kwenye faili lake yaliyomo ndani ya kerneli, na huenda manenosiri yaliyochapwa sasa hivi yakawamo. Hapo hajageuza chochote, na kumgundua ni kazi.

Kama una nafasi ya kuanza upya, hamia xv6 ya RISC-V, aina nyingine ya prosesa. Humo kerneli ina jedwali lake la kurasa, mbali na la programu. Ikitaka kuandika kwa mtumiaji hupitia copyout, ambayo huitafuta anwani kwenye jedwali la mtumiaji mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, na kuangalia kama kweli umeruhusiwa kwake. Ujanja wa binamu hufia hapo hata ukisahau kupima sz. Mimi ningehama.

Sasa kuna jambo naona hukulipa uzito. xv6 haina watumiaji kabisa. Iliandikwa kwenye chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2006 kwa ajili ya kufundishia, kwa kuigiza Unix ya toleo la 6 la mwaka 1975, na waandishi wake waliacha makusudi habari za umiliki. Ndani yake kila programu ina haki sawa na nyingine. Wewe umeleta uid, ukaweka ulinzi kwenye open, ukaridhika. Lakini miito mingine yote iliandikwa enzi ambazo hakuna aliyeuliza "nani anaomba?" Kill yako inamruhusu yeyote kuua mchakato wa yeyote, ukiwamo wa msimamizi. Unlink inafuta faili lisilo la anayefuta. Na mknod, mwito wa kuunda faili la kifaa, umeuacha wazi kwa kila mtu, ilhali wewe mwenyewe umeongeza kifaa cha diski. Maana yake mtumiaji wa kawaida anaweza kujiundia faili la kifaa cha diski, likawa lake, akasoma diski nzima baiti kwa baiti, ruhusa zako za faili zikabaki pambo. Kwenye Unix kazi hiyo ni ya msimamizi peke yake, na sababu ndiyo hiyo. Hili silo alilolitumia binamu, lakini angelipenda.

Kuna la tatu, nalo ndilo baya zaidi kwa maoni yangu. Umeongeza mwito wa ioctl wa kuamrisha vifaa. Unachukua nambari ya kifaa, unakwenda kwenye jedwali la devsw na kuita kazi iliyoandikwa pale. Waandishi wa xv6, kabla ya kuita read ya kifaa, wanahakikisha nambari iko ndani ya jedwali na kwamba kazi hiyo ipo kweli. Wewe huulizi. Kifaa kisicho na ioctl kina sifuri mahali pa anwani ya kazi, kwa hiyo kerneli yako itaruka kwenda anwani 0. Na je, kwenye xv6 ya x86 anwani 0 kuna nini? Kuna mwanzo wa programu ya mtumiaji! Ndipo programu zake zinapopakiwa. Kerneli itaanza kutekeleza maagizo ya mtumiaji ikiwa bado imeshika madaraka ya ngazi ya 0. Hapo hata uid haina haja ya kuguswa. Mashine yote ni yake.

Usione haya. Linux ilikuwa na kasoro ya jamii hii kwenye sehemu ya mitandao, kazi iitwayo sock_sendpage, tangu mwaka 2001. Watafiti wa usalama Tavis Ormandy na Julien Tinnes waliitangaza Agosti 2009, miaka 8 baadaye. Kinga yake ina pande mbili. Upande wa programu, usipakie chochote kwenye ukurasa wa anwani 0. Anza mbele kidogo, ili kuruka huko kuzae ajali badala ya ushindi wa mshambuliaji. Upande wa prosesa, chipu za Intel tangu kizazi cha Ivy Bridge cha mwaka 2012 zina ulinzi uitwao SMEP: ukiwasha biti moja kwenye rejista ya CR4, kerneli haiwezi tena kutekeleza maagizo yaliyo kwenye ukurasa wa mtumiaji. xv6 haiiwashi. Ukijaribu ndani ya QEMU, programu ya kuigiza kompyuta, chagua aina ya prosesa yenye SMEP, la sivyo utadhani umewasha kumbe huna kitu.

Hapo ndipo nikujibu lile la mfumo mdogo kuwa salama. Udogo ni faida ya kweli. Msimbo mchache una mahali pachache pa kukosea, na mtu mmoja anaweza kuusoma wote mpaka mwisho. Kerneli ya seL4 ina mistari kama 8,700 ya lugha ya C, na mwaka 2009 ilithibitishwa kwa hisabati kwamba inafanya kile ambacho maelezo yake yanasema. Huwezi kufanya hivyo kwa Linux yenye mamilioni ya mistari. Na ukubwa pamoja na umaarufu havizuii makosa: programu ya sudo, ambayo kazi yake yote ni kulinda mlango wa msimamizi, ilikaa na kasoro tangu 2011 hadi kampuni ya Qualys ilipoitangaza Januari 2021, nayo ilimwezesha mtumiaji yeyote kuwa msimamizi.

Tatizo la mifumo midogo ni kwamba tundu likipatikana, nyuma yake hakuna kizuizi kingine. Kosa lako la read lingekuwa kwenye mfumo uliokomaa, binamu angehitaji kwanza kujua kerneli iko wapi leo, kisha apambane na kinga za prosesa, tena na orodha ya miito ambayo programu yake imeruhusiwa kutumia. Kwako alihitaji faili la baiti nne. Na kutojulikana hakukusaidii, maana msimbo alikuwa nao, na hata asingekuwa nao, angelichambua faili la kerneli lenyewe.

Ukitaka kuona mfumo mdogo uliojifunza kwa vitendo, tazama SerenityOS, ulioanzishwa na Andreas Kling wa Sweden mwaka 2018. Watu waliutoboa kwa raha zao, naye akawa anatengeneza video za kuchambua jinsi walivyoutoboa, kisha anaziba. Humo waliingiza pledge na unveil kutoka mfumo endeshi wa OpenBSD. Kwa pledge, programu inatangaza mapema itatumia miito ya aina gani, ikivuka, inauawa. Kwa unveil, inataja faili itakazoziona, na nyingine zinakuwa kama hazipo. Pledge ni kitu unachoweza kukiandika kwenye mfumo wako bila kuubomoa, nami nakushauri ukiandike mara tu utakapomaliza kuziba miito.

Gesti ya mjomba ni habari nyingine. Ruta na visanduku vya kamera vingi vina Linux ndogo pamoja na BusyBox, mkusanyiko mdogo wa amri za msingi, na mara nyingi kila programu ndani yake inakwenda kwa madaraka ya msimamizi, pamoja na ule ukurasa wa kuweka mipangilio. Kwa hiyo hakuna ngazi ya kupanda. Aliyeingia ameshafika juu. Kasoro inayojirudia kwenye vifaa hivi ni ukurasa wa kupima mtandao kwa ping. Unaandika anwani, ukurasa unaibandika kwenye amri na kuikabidhi kwa sheli, programu inayotekeleza amri, bila kuisafisha. Mtu akiongeza alama ya nukta-mkato na amri ya pili, sheli inatekeleza zote mbili, tena kama msimamizi. Ni ugonjwa ule ule wa kumwamini aliyeleta ombi.

Na wakati mwingine hata ujanja hauhitajiki. Mwaka 2016 programu ovu ya Mirai ilikusanya kamera na ruta kwa wingi duniani kwa kujaribu orodha fupi ya majina na manenosiri ya kiwandani kupitia telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kutoka mbali. Ilitosha.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mei 2017, nao hauhusu kifaa cha bei rahisi. Intel huweka kwenye baadhi ya chipu zake mfumo wa AMT wa kusimamia kompyuta kutoka mbali. Katika kulinganisha jibu la nenosiri, programu ililinganisha herufi nyingi kadiri ya urefu wa jibu alilotuma mgeni, badala ya urefu wa jibu sahihi. Mgeni akituma jibu tupu, zinalinganishwa herufi sifuri, na herufi sifuri hufanana daima. Akaingia kama msimamizi. Mwambie binamu naye ausome huo; urefu aliouleta mgeni ndio uliotumiwa kumpima mgeni.

Kwa mjomba, fanya haya. Badilisha nenosiri la ruta na la kisanduku cha kamera, kila kimoja na lake. Zima telnet na usimamizi wa kutoka nje. Zima UPnP, ambayo huviruhusu vifaa kujifungulia milango ya intaneti bila kukuuliza. Wageni wapewe Wi-Fi yao, na kamera zikae kwenye mtandao ambao wageni hawaufikii. Hili la mwisho ndilo muhimu kuliko yote kwenye gesti, kwa sababu huko nenosiri la Wi-Fi hubandikwa ukutani.

Kuhusu kujaribu: vifaa vya mjomba unaweza, kwa ruhusa yake, na ikiwezekana akuandikie, hata ujumbe wa WhatsApp unaotaja kifaa na siku. Ruta ya hoteli ya jirani, hata ukiona mlango uko wazi kabisa, usiiguse. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao inahesabu kuingia bila idhini kuwa kosa lenyewe, hata kama hujaharibu kitu: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mwambie mwenye hoteli ulichokiona, au upeleke taarifa KE-CIRT/CC, kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya mtandaoni kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Kisha ingia kwenye tovuti ya aliyetengeneza kile kisanduku cha kamera, utafute toleo jipya la programu yake kwa kutumia nambari ya modeli iliyoko chini ya kifaa. Kama toleo la mwisho ni la miaka mingi iliyopita na hakuna jipya linalokuja, mwambie mjomba aanze kuweka akiba ya kununua kingine, na kwa sasa kisipate intaneti hata kidogo. Kurekodi kwenye diski yake ya ndani hakuhitaji.